Namna ya Kujiundia Kigunduzi cha Metali cha Masafa Mawili

Kigunduzi cha metali ni miongoni mwa saketi chache ambazo mtu anaweza kuziunda mezani kwake kwa vipuri vya bei nafuu na bado akajifunza fizikia ya kweli kwa masikio yake mwenyewe. Mwongozo huu unahusu kigunduzi kinacholinganisha masafa mawili (masafa hapa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi), yaani masafa ya koili ya waya inayopita juu ya ardhi na masafa ya kristali isiyoyumba, kisha kumsikilizisha mtumiaji tofauti iliyopo kati yake. Zipo saketi zenye nguvu zaidi, lakini hii ndiyo inayofaa kuanza nayo, kwa kuwa kila sehemu yake inaweza kujaribiwa peke yake. Ubora wake hautokani na wingi wa vipuri. Unatokana na uthabiti, maana koili ikibadilika masafa kwa sababu ya jua, mtikisiko au betri kuchoka, sikio haliwezi kujua kama lililosikika ni metali au ni hali ya hewa. Karibu kila uamuzi ulioelezwa hapa chini umefanywa kwa ajili ya kulinda uthabiti huo.

Ni vyema msomaji ajue mapema kifaa hiki kitampa nini. Kikitengenezwa vizuri, kitasikia sarafu iliyo sentimita tano hadi nane kutoka kwenye koili, na kitu kipana kama kifuniko cha sufuria kitasikika mbali zaidi. Kinafaa kutafuta funguo zilizodondoka mchangani, bomba la maji lililofukiwa kwa kina kidogo, au misumari iliyojificha ndani ya mbao kuukuu kabla seremala hajazipitisha kwenye msumeno. Hakifai kutafuta punje za dhahabu ardhini, na mtu yeyote wa Geita au Chunya anayeuziwa saketi rahisi kama hii kwa ahadi hiyo anadanganywa. Sababu iko wazi: kitu kikiwa mbali kuliko upana wa koili, ishara yake hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali, kwa hiyo kina kikiongezeka mara mbili, ishara hushuka karibu mara 64. Hakuna kiasi cha kukuza sauti kinachoweza kufidia upungufu huo.

Kanuni yenyewe ni hii. Koili na kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme) zikiunganishwa kwenye osileta, yaani saketi inayojitetemesha yenyewe, hutetema kwa masafa yanayotegemea induktansi ya koili, yaani uwezo wake wa kuhifadhi nishati katika uga wa sumaku, na ukubwa wa kapasita. Metali isiyo ya sumaku, kama shaba au alumini, ikikaribia koili, mikondo midogo ya umeme huanza kuzunguka ndani yake na kupinga uga wa koili, hivyo induktansi hupungua na masafa hupanda. Chuma nacho huvuta upande wa pili, kwa kuwa usumaku wake huongeza induktansi na kushusha masafa, ingawa bati jembamba la chuma lililolala kifudifudi laweza kujibu kama shaba kutokana na mikondo hiyo hiyo. Badiliko ni dogo mno: hezi chache kati ya hezi 125,000. Sikio halisikii masafa ya juu kiasi hicho, ila linasikia vizuri sana tofauti kati yake na masafa mengine yaliyo jirani, na ndiyo sababu tunahitaji chanzo cha pili kisichobadilika.

Watu wengi hutengeneza chanzo hicho cha pili kwa koili nyingine ndogo. Mimi sipendekezi hivyo. Koili mbili huyumba kila moja kwa njia yake, na fundi hubaki akifukuza masafa mchana kutwa. Kristali ya megahezi 4, ambayo hupatikana kwa bei ndogo na hata kwenye bodi kuukuu za vifaa vya umeme, ikigawanywa kwa 32 hutoa kilohezi 125 kamili. Chipu ya CD4060 hufanya kazi zote mbili: huitetemesha kristali na kuyagawanya masafa yake.

Koili

Koili ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko nyingine zote. Nunua mita 20 hivi za waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.4, kwa mafundi wanaosuka mota upya. Chora duara la kipenyo cha sentimita 20 juu ya ubao, pigilia misumari 16 hivi kulifuata, na uivalishe mirija ya plastiki ili isikwangue vanishi. Zungusha mizunguko 24, ukiacha sentimita 20 za waya kila mwisho. Mizunguko hiyo ikikaa kama kifundo chenye unene wa milimita tatu hivi, induktansi yake huwa karibu maikrohenri 325, na kwa kapasita tutakazotumia itatetema karibu na kilohezi 125.

Kabla ya kuitoa kwenye misumari, ifunge kwa uzi imara kila baada ya sentimita mbili, kisha uipake vanishi au gundi ya epoksi na uiache ikauke kabisa. Usiharakishe hatua hii. Ukiminya kwa kidole koili ambayo haijakazwa, mlio hupanda na kushuka kwa sababu nyaya zinasogeleana, na kila utakapoigonga kwenye nyasi itakupa ishara za uongo. Koili iliyokazwa vizuri haisikiki kabisa inapogongwa kwa ukucha.

Hatua inayofuata ni kinga. Zungushia koili tabaka moja la utepe wa plastiki, kisha ukanda wa karatasi ya alumini, lakini acha pengo la sentimita moja au mbili ambapo alumini haigusani. Pengo hilo ni la lazima, kwa sababu alumini ikifunga duara zima itakuwa yenyewe mzunguko mmoja wa metali ulioshikamana na koili, nayo itaua uwezo wa kuhisi. Juu ya alumini zungusha waya mwembamba usio na vanishi, uuache nao uishie kwenye pengo, halafu funika vyote kwa utepe wa umeme. Waya huo utaungwa kwenye upande hasi wa saketi. Bila kinga, nyasi zenye umande na udongo wenye maji hubadilisha masafa kana kwamba ni metali, na anayetafuta asubuhi huhangaika bila kujua sababu.

Unganisha koili na bodi kwa kebo ya maikrofoni yenye nyaya mbili za ndani na wavu wa nje, isiyozidi mita moja. Nyaya mbili za ndani huenda kwenye ncha za koili, na wavu huenda kwenye waya wa kinga. Ifunge kebo imara kwenye mpini isicheze, maana kebo inayoning'inia hubadilisha uwezo wake wa kapasita kila inapotikisika. Mpini uwe wa mwanzi, mti au bomba la PVC, na pasiwepo msumari wala skrubu ya metali ndani ya nusu mita kutoka kwenye koili.

Saketi

Mbali na CD4060 zinahitajika chipu mbili: CD4069UB, yenye vigeuzi sita (kila kimoja hugeuza volti ya juu kuwa ya chini na ya chini kuwa ya juu), na CD4013, yenye flipuflopu mbili (saketi ndogo zinazoshikilia hali ya ishara). Herufi UB kwenye ile ya kwanza zina maana, kwa kuwa ni aina isiyo na vikuza vya ziada ndani yake, nayo hutetema kwa utulivu ikiwa na koili. Weka chipu zote kwenye soketi, juu ya bodi ya matundu, na kila chipu iwe na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wake wa chanya na wa hasi, karibu iwezekanavyo.

Umeme utoke kwenye betri nane za penseli, yaani volti 12, ukipita kwenye rekebisho la volti 8 la aina ya 78L08, yaani kipuri kinachoifanya volti isibadilike. Ukilishika upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kutokea, wa kati ni hasi, na wa kulia ni wa kuingilia. Mpangilio huo ni kinyume cha ndugu yake mkubwa wa 7808, na mafundi wengi huunguza vipuri hapo. Weka nanofaradi 100 upande wa kuingilia na maikrofaradi 10 upande wa kutokea. Volti iliyotulia ni muhimu kwa sababu osileta ya koili husogea kidogo volti inapobadilika.

Osileta ya koili hutumia kigeuzi cha kwanza cha CD4069UB. Kutoka mguu wa 2 weka rezista ya kilo-omu 2.2 hadi ncha moja ya koili, na ncha ya pili iende mguu wa 1. Kutoka kila ncha ya koili weka kapasita ya nanofaradi 10 hadi hasi. Kapasita hizi mbili kwa koili ni kama zimepangwa mfululizo, hivyo koili huona nanofaradi 5. Kisha unganisha mguu wa 2 na wa 3, na mguu wa 4 na wa 5, ili vigeuzi viwili vifuatavyo vigeuze mtetemo kuwa mawimbi ya mraba yenye kingo kali, yatakayopatikana mguu wa 6. Miguu ya 9, 11 na 13 ya vigeuzi visivyotumika iende hasi. Mguu wa 7 ni hasi. Mguu wa 14 ni chanya, lakini uulishe kupitia rezista ya omu 100 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 100 kwenda hasi. Kizuizi hicho kidogo huzuia masafa ya kristali yasipenye kupitia njia ya umeme na kuivuta koili. Masafa mawili yanayokaribiana sana hupenda kushikamana, na yakishikamana, mlio hukatika ghafla badala ya kushuka taratibu, nawe hupoteza sehemu nyeti kuliko zote.

Kwenye CD4060, kristali ikae kati ya mguu wa 10 na wa 11, sambamba na rezista ya mega-omu 1, na kutoka kila mguu kati ya hiyo weka pikofaradi 22 hadi hasi. Mguu wa 12 na wa 8 viende hasi, na wa 16 uende chanya. Kilohezi 125 hutokea mguu wa 5.

Kazi ya kutoa tofauti hufanywa na flipuflopu moja ya CD4013. Mguu wa 5 hupokea kilohezi 125 za kristali, na mguu wa 3 hupokea mawimbi ya koili kutoka mguu wa 6 wa CD4069UB. Kila wimbi la koili linapoingia, flipuflopu huchungulia hali ya kristali na kuishikilia, hivyo mguu wa 1 hutoa tofauti ya masafa mawili ikiwa safi, bila kuhitaji kichujio. Miguu ya 4, 6, 7, 8, 9, 10 na 11 yote iende hasi, na wa 14 uende chanya.

Sauti hupitia transista ya BC547. Kutoka mguu wa 1 wa CD4013 weka kilo-omu 10 hadi besi, emita iende hasi, na kwenye kolekta unganisha hedifoni, rezista ya kilo-omu 1 na potenshiomita ya kilo-omu 10 ya kupunguzia sauti, vyote kwa mfululizo hadi kwenye volti 12 za betri moja kwa moja, kabla ya rekebisho. Mkondo wa sauti usipite kwenye rekebisho linalolisha osileta. Usiiondoe rezista ya kilo-omu 1 ili kupata sauti kubwa, kwani mawimbi ya mraba ndani ya sikio kwa saa nzima huumiza usikivu.

Kapasita za koili

Hapa ndipo vigunduzi vingi vya nyumbani hufia, ingawa kwenye mchoro ni vitu viwili vidogo tu. Kapasita ya poliesta, ile ya kahawia au ya kijani inayopatikana kila duka, hubadilika takriban sehemu 400 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Masafa hubadilika nusu ya kiasi hicho, yaani hezi 25 kwa kila nyuzi. Ukitoka kivulini kuingia juani, joto la kisanduku laweza kupanda nyuzi kumi, na mlio utakuwa umesogea hezi 250 bila metali yoyote kuwepo. Kapasita ya seramiki yenye alama ya C0G au NP0 haizidi sehemu 30 kwa milioni, ambayo ni chini ya hezi mbili kwa nyuzi. Tafuta hizo hata kama itabidi kuziagiza. Zikikosekana za nanofaradi 10, unganisha sambamba kadhaa ndogo za aina hiyo hiyo hadi zitimie. Seramiki za kawaida za umbo la kisahani, zile za rangi ya udongo, zinafaa kutuliza umeme wa chipu tu, na zisiwekwe kwenye koili hata kwa majaribio.

Kupima na kurekebisha

Usiweke chipu zote kwa pamoja. Kwanza pima kwenye soketi tupu uone volti 8 katika miguu inayostahili. Kisha weka CD4060 peke yake, chukua redio ya AM yenye kuzungushwa kwa mkono, isogeze karibu na bodi, na utafute sehemu za kilohezi 625 na 875. Mawimbi ya mraba hutoa vizidisho witiri, ambavyo hapa ni mara tano na mara saba, na katika sehemu hizo mkoromo wa redio hunyamaza ghafla. Ukivipata, kristali inafanya kazi.

Sasa weka CD4069UB koili ikiwa imeunganishwa pamoja na kinga yake, kwa kuwa kinga nayo huongeza kapasita na kushusha masafa. Sikiliza kwenye redio jirani na 625. Masafa ya koili yakiwa karibu, utasikia filimbi, na ukisogeza kipande cha alumini karibu na koili, filimbi itapanda au kushuka. Wenye multimita (kipimo cha umeme) yenye sehemu ya kupima hezi wanaweza kuitumia kwenye mguu wa 6. Ikiwa masafa ni ya juu kuliko 125, ongeza kapasita ndogo ya C0G sambamba na mojawapo ya zile nanofaradi 10: pikofaradi 220 hushusha karibu kilohezi 0.7, na nanofaradi 1 hushusha karibu kilohezi 3. Ikiwa ni ya chini, ondoa mzunguko mmoja wa koili, ambao hupandisha karibu kilohezi 5, kisha urudi chini kwa kapasita.

Marekebisho ya mwisho, yale ya mkononi, hufanywa na kapasita ya kuzungusha kutoka redio kuukuu, ikiungwa kati ya mguu wa 1 wa CD4069UB na hasi. Bamba zake zinazozunguka ndizo ziende hasi, ili mkono wako usibadilishe masafa unapogusa kitufe. Kapasita hiyo ikiwa na pikofaradi 260 hivi, itakupa nafasi ya karibu hezi 800, ambayo inatosha.

Ukishaweka CD4013, zungusha hadi usikie mlio mzito wa hezi 100 hivi. Sikio hupima sauti kwa uwiano: badiliko la hezi tano katika mlio wa hezi 100 husikika wazi, ilhali katika mlio wa hezi 1,000 ni vigumu zaidi kulitambua. Weka masafa ya koili yawe juu kidogo ya masafa ya kristali, yaani pale ambapo ukisogeza kipande cha shaba mlio unapanda. Ukikaa upande huo siku zote, utajifunza upesi kwamba kupanda mara nyingi ni shaba au alumini, na kushuka mara nyingi ni chuma.

Matumizi

Acha kifaa kiwake dakika kumi kabla ya kuanza kazi, kisha kirekebishe koili ikiwa katika kimo kile kile utakachotumia, sentimita tatu hadi tano kutoka ardhini. Udongo mwekundu una madini ya chuma, nao hushusha mlio koili inapoinama. Kinachosaidia ni kufagia kwa kimo kimoja, taratibu, ukisikiliza badiliko la ghafla na kupuuza lile la polepole. Epuka milango inayofunguliwa kwa kadi, kwani kadi nyingi za namna hiyo hutumia kilohezi 125 hizo hizo, na visomaji vyake huingilia mlio hata kwa umbali. Angalia pia viatu vyako, mkanda na simu mfukoni. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipojaribu kwa kifaa chake kuitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, miongoni mwa yaliyomtatiza ni springi za chuma za godoro alilolalia mgonjwa.

Kuhusu mahali pa kutafutia, jizuie katika maeneo ya kale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ushahidi wa historia yetu ambao hupoteza thamani yake ya elimu mara unapochimbuliwa bila kuandikwa ulipokuwa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, na zote zinakataza uchimbaji wa namna hiyo bila kibali. Katika maeneo yaliyowahi kuwa na vita, usichimbe kabisa kwa kutegemea kifaa hiki. Hakikutengenezwa kugundua mabomu, na ukiona kitu chenye umbo la silaha usikiguse, toa taarifa kwa polisi au jeshi.

Baada ya saketi kutulia, kuna ongezeko moja linalofaa kujaribiwa. Hamisha waya unaotoka mguu wa 5 wa CD4060 uwe kwenye mguu wa 7, ambao hutoa kilohezi 250. Flipuflopu sasa italinganisha kilohezi 250 na mara mbili ya masafa ya koili, kwa hiyo kila badiliko litasikika maradufu, nayo sarafu iliyokuwa ikisikika kwa shida itajitokeza wazi. Mayumbo nayo yatakuwa maradufu. Ikiwa mlio unatembea wenyewe ukiwa umesimama kivulini, rudisha waya mguu wa 5 na uanze kuchunguza kapasita za koili, kebo na gundi ya koili, kwa mpangilio huo.